Mwaka Niliofundishwa Kujumlisha

Nilipopigiwa simu kwamba Siwema amefariki nilikuwa nachambua mchele, na niliendelea kuchambua. Aliyepiga ni binti yake mkubwa. Alikuwa analia, nami nikamwambia pole mwanangu, Mungu amrehemu mama yako, nitakuja. Kisha nikaumaliza mchele, nikauosha, nikaubandika, ulipoiva nikala. Majirani waliokwisha kupata habari walikuja kunipa pole, wakanikuta na sahani mapajani, wakatazamana. Hapa mtaani wanajua kwamba mimi na Siwema tulikuwa mtu na shoga yake tangu shule, na walitarajia wanikute nimejifunga kanga kiunoni nagaagaa sakafuni. Hawakujua lingine. Kwa miaka yote hiyo sikumwambia mtu, hata marehemu mume wangu, ambaye kila tulipokutana na Siwema kwenye harusi za watu alikuwa akirudi nyumbani anamsifu. Nilikuwa najiambia kwamba mambo ya utoto huachwa utotoni. Uongo mtupu. Yapo mengi ya umri ule niliyoyasahau kabisa, lakini hili naamka nalo, na kilichonikalisha chini niliandike ni maneno niliyoyasikia kwenye arobaini yake. Nitayafikia.

Mwaka wenyewe tulikuwa kidato cha pili, shule ya kutwa, Temeke, katika miaka ile ya baada ya Azimio ambapo kila kitu kilikuwa chetu sote na kila mtu alikuwa ndugu. Habari za wazazi wangu na namna nilivyofika mjini siziandiki hapa. Itoshe kusema nilikuwa nakaa kwa watu, na ukikaa kwa watu, ukirudi shule unakuta sufuria imeshaoshwa na kufunikwa kifudifudi. Ndiyo maana nilikuwa nakula kwa kina Siwema. Nyumba yao ilikuwa ya Kiswahili hasa, korido katikati, vyumba huku na huku, wapangaji wengi wakiwa watu wa Lindi na Masasi kama wao, na kina Siwema walikuwa na vyumba viwili vya mwisho, vinavyotazama uani. Baba yake alikuwa mchonga vinyago. Alifanya kazi nyuma ya choo, na vumbi la mpingo liliruka likatua kila mahali, hata juu ya chai. Mama yake alikuwa mwanamke mnene, mpole, wa maneno machache, anayepika kisamvu kwa korosho za kuponda mpaka ukila unataka kulamba na sufuria. Mwanzoni alikuwa akinipakulia peke yangu. "Huyu mgeni," akimwambia Siwema, "wewe wa hapahapa." Ikafika siku akaacha kuniita mgeni, akatuwekea mimi na Siwema sahani moja, ugali wa muhogo katikati na mboga pembeni. Nakumbuka furaha niliyoipata siku ile. Nilimwita mama kuanzia hapo, naye akaitika.

Shule yetu ilikuwa na shamba la mihogo na mbaazi huko mbele ya Mbagala, maana elimu ilikuwa ya kujitegemea na sisi tulijitegemea kwa jembe. Darasa letu liligawanywa nusu mbili. Wiki hii nusu moja inapanda lori kwenda kulima, nusu nyingine inabaki kusoma, wiki ijayo wanabadilishana. Walimu wengine walirudia masomo kwa ajili ya waliokuwa shamba. Mwalimu wetu wa fizikia hakuweza. Alikuwa Mwalimu Teofili, mtu wa bara, mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi, na alikuwa akifundisha shule nyingine huko Kinondoni pia, anakwenda na kurudi kwa Vespa. Kwa hiyo akatunga kanuni: kila mwanafunzi awe na mwenzi katika nusu ya pili, na aliyekuwa darasani amfundishe aliyekuwa shamba. Aliitangaza kwa fahari. Alisema elimu si mali ya mtu binafsi, na mwenye kuificha ni mnyonyaji kama mnyonyaji mwingine yeyote. Tulipiga makofi. Mwenzi wangu alikuwa Siwema. Wasichana tuliosoma fizikia tulikuwa sisi wawili tu, wengine wote wavulana, na hapakuwa na mtu aliyefikiria kutupanga vingine.

Na kanuni ile ilifanya kazi, nisiseme uongo. Nilipokuwa shamba Siwema alinifundisha, alipokuwa shamba nilimfundisha, pale uani kwao, tumekaa kwenye mkeka, kitabu kimoja katikati. Somo lilikuwa kwa Kiingereza, lakini sisi tulilitia kwenye Kiswahili wenyewe, tena Kiswahili cha uani. Hivyo ndivyo nilivyoipenda fizikia. Watu hawaamini nikisema hivi, wananitazama kanga na miwani yangu wanacheka, lakini niliipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kukipenda kabla ya kuzaa. Nilipenda kwamba ukijua tungamo la kitu, yaani wingi wa kile kilichomo ndani yake, na ukajua mchapuko wake, yaani jinsi mwendo wake unavyozidi kuongezeka, ukizidisha hivyo viwili unaipata nguvu inayokiendesha. Hakuna aliyekupendelea. Hakuna aliyekuuliza unakaa kwa nani. Mihogo ya shule ilipofika na lori tuliishusha tukaisukuma kwa mkokoteni hadi stoo, kwenye mchanga ule wa Temeke unaomeza magurudumu, nami nikiwa nimeinama nyuma nasukuma, jasho linanitoka, nilikuwa napiga hesabu kichwani. Siwema alikuwa akinicheka. Alikuwa mzuri darasani, mwangalifu, mwandiko wake unapendeza. Lakini kwenye hesabu nilikuwa nampita, na alilijua hilo, na kwa muda mrefu nilidhani halimsumbui.

Katikati ya mwaka zamu ya shamba ikawa ya Siwema, naye mguu wake ukavimba kwa jipu. Lilikuwa jipu kweli, nisimsingizie, nililiona kwa macho yangu. Mama yake akaniita jikoni, akanipa kipande cha muhogo wa kuchoma, akasema, "Mwanangu, mwenzio hawezi kushika jembe. Mshikie zamu wiki hii. Yeye atakaa darasani, mguu ameunyoosha, na somo atakuletea." Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka kwenye zamu yangu. Nikasema sawa mama, bila hata kufikiri. Angeniambia nimshikie zamu mwaka mzima ningemshikia. Nikapanda lori tena, nikalima tena, mikono ikatoka malengelenge juu ya malengelenge, na nikirudi jioni nilikuwa napitia kwao, na mama ananipaka mafuta ya nazi viganjani. Siwema alikuwa ananisimulia vituko vya darasani. Somo lenyewe tulisema tutalifanya Jumamosi, nikishapumzika.

Ijumaa ya wiki ile jioni, lori liliporudi kutoka shamba, mkuu wa shule alikuja kusema nasi paredi. Serikali inataka wasichana wa sayansi, alisema. Kuna shule ya bweni ya wasichana, huko bara, yenye maabara kamili, na shule yetu imepewa nafasi ya kupeleka msichana mmoja kuanzia kidato cha tatu. Mwalimu Teofili atatoa jaribio la sura ya nguvu, na atakayefanya vizuri ndiye atakwenda. Darasa zima liligeuka kututazama sisi wawili. Nilishika mkono wa Siwema, naye akaubana. Wakati wa kurudi nyumbani tuliahidiana, tukitembea polepole kwa sababu ya mguu wake, kwamba atakayepata apate na atakayekosa asinune. Yeye ndiye aliyeanza kuitoa ahadi hiyo. Nilikuwa na uhakika wa kupata, na nadhani uhakika huo ulionekana usoni mwangu hata nilipokuwa naahidi. Sikutaka tu kusoma. Nilitaka kuondoka kwa watu, nilale kwenye kitanda kilichoandikwa namba yangu, na niguse vile vyombo tulivyokuwa tunaviona kwenye picha. Hakukuwa na njia nyingine, na sisi sote wawili tulijua.

Somo nililolikosa, kwa asiyelisoma, ni hili. Kitu kimoja kinaweza kushikwa na nguvu nyingi kwa pamoja. Zinazokwenda upande mmoja zinajumlishwa. Zinazopinga zinatolewa. Ile inayobaki, nguvu halisi, ndiyo inayokipa kitu mchapuko, na ndiyo sawa na tungamo mara mchapuko. Hakuna zaidi ya hapo. Mtoto anaweza kuelezwa kutoka hapa hadi mlangoni akawa ameelewa. Jumamosi ile tulikaa kwenye mkeka, Siwema akachora mkokoteni kwenye karatasi, mchoro mzuri, hata spoku za magurudumu aliziweka.

"Rahisi hii, shoga," akasema. "Mkokoteni una kilo mia mbili. Wa mbele anavuta kwa Nyutoni mia na hamsini. Wa nyuma anasukuma kwa hamsini. Mchanga una mia. Unazijumlisha zote, mia tatu. Unagawa kwa mia mbili, mchapuko wako moja na nusu. Basi."

"Na ya mchanga najumlisha?"

"Kwani si nguvu?"

"Si inarudisha nyuma? Mie nimesukuma juzi pale stoo, nusura nizimie. Mchanga ungekuwa unasaidia ningejua."

Siwema hakunitazama. Alikuwa anaipaka wino spoku moja ambayo tayari ilikuwa na wino. "Hayo ya barabarani, Mwajuma," akasema. "Darasani kuna mambo yake. Mwalimu kasema nguvu zote zinazokigusa kitu zinajumlishwa, mie ndo nilikuwepo."

Mama yake alikuwa jikoni, hatua chache tu, anasonga ugali. Nilimgeukia nikacheka, nikamwambia mama, leo mwanao ananifundisha kwa ukali. Akaendelea kusonga. Akasema, "Msikilize mwenzio, yeye kakaa darasani." Basi nikamsikiliza. Akanipa maswali mengine, ya gari, ya jahazi linalokokotwa, ya gunia linaloburuzwa, na kila nilipojumlisha aliniwekea alama ya vema, kubwa, kwa kalamu nyekundu tuliyomwibia kaka yake. Kila nilipositasita, alinisahihisha. Nikazoea. Mpaka ugali unaletwa nilikuwa sikosei hata mara moja, nikikosea kote. Nimefikiria sana kuhusu zile alama za vema. Kunidanganya mara moja kungeweza kuwa ulimi umemteleza. Lakini aliinua ile kalamu tena na tena, na kila mara alinitazama nikifurahi. Nilikuwa na mabega yaliyosukuma mkokoteni ule, yalikuwa yananiuma bado, na nilimwamini yeye kuliko mabega yangu.

Jaribio tulifanya wiki iliyofuata, asubuhi, nusu zote mbili pamoja, madirisha wazi, na nje wanafunzi wa darasa jingine wanafagia. Nilipoona maswali nilitabasamu. Nilimaliza wa kwanza, nikakaa nimekunja mikono kama mtu mzima. Mwalimu Teofili alisahihisha palepale mezani kwake wakati sisi tunasoma kimya, na nilimwona akifika kwenye karatasi yangu, akaitazama, akairudia, akavua miwani. Alipoita majina aliniita wa mwisho.

"Mwajuma, hesabu zako hazina kosa," akasema. "Kuzidisha sawa, kugawa sawa, kila kitu safi. Na majibu yote si sahihi. Kila mahali pa kutoa umejumlisha. Kwa hiyo kwako wewe, mtu akiusukuma mkokoteni na mwingine akauzuia, unakwenda mbio zaidi?"

Darasa likacheka. Wavulana walipiga madawati. "Nani aliyekufundisha hivi?" akauliza.

Nilinyamaza. Nilinyamaza kwa sababu nilidhani Siwema naye amekosea, kwamba hakulielewa somo, na kama nikitaja jina lake tutachekwa wawili badala ya mmoja. Nilikuwa namhurumia. Hata aliporudishiwa karatasi yake, na nikaiona kwa pembeni ya jicho, alama za kutoa zimepangwa vizuri kila mahali zinapotakiwa, bado niliendelea kumtetea kichwani. Labda alilielewa baadaye, jana usiku, akakosa muda wa kuniambia. Labda alidhani nimejua mwenyewe. Mtu akiwa hataki kujua kitu ana akili nyingi sana. Siwema alitoka mbio kengele ilipolia, akasema mguu unamuuma.

Alasiri nikaenda kwao. Sikwenda kugombana, nilikwenda kula, na nilitaka tukae tulitazame lile swali pamoja. Nilipita koridoni, ambako kulikuwa na giza kidogo ukitoka juani, na wapangaji wengi walikuwa makazini. Mlango wa uani ulikuwa umeegeshwa. Nikasikia sauti ya Siwema, analia kwa kwikwi ndogondogo za mtu aliyekwisha kulia sana.

"Mwalimu kamuuliza nani kamfundisha. Hakunitaja, mama. Kanyamaza tu, watu wanamcheka."

"Basi si ndiyo vizuri," akasema mama yake.

"Atajua."

"Angejua angesema. Anakuamini yule."

"Ndo inayoniuma."

Nikasikia kifuniko cha sufuria. Kisha mama Siwema akasema, kwa sauti ileile ya upole aliyokuwa akinisemesha nayo, "Itapoa. Nilikwambia tangu Ijumaa, ukimfundisha sawasawa anakwenda yeye. Kila mtu anajua hivyo, hata wewe. Mie simchukii. Nampenda, nampakulia kama ninavyokupakulia wewe. Lakini sikumzaa."

Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, na nimesikia watu wakisema ukisalitiwa unahisi kisu, unahisi moto. Mimi nilihisi aibu. Niliona haya kwa niaba yangu mwenyewe, kwa sahani moja, kwa mafuta ya nazi, kwa namna nilivyokuwa nikimwita mama mbele za watu kwa sauti kubwa ili wasikie. Ningeweza kurudi nyuma, mlango wa mbele ulikuwa wazi. Lakini nyuma yangu kulikuwa na nyumba ya watu na sufuria iliyofunikwa kifudifudi. Nikapiga hodi. "Karibu mwanangu," akasema mama Siwema bila kubabaika hata kidogo, "umekuja wakati mzuri." Akaweka mkeka. Akatuletea sahani yetu. Siwema alikuwa na macho mekundu na hakuinua uso, na tulipoanza kula alikisukuma kipande cha samaki, kile kinono cha katikati, kikaja upande wangu. Nilikila. Nilikuwa na njaa, na sikuwa na pengine pa kula, na wao walijua hivyo walipokuwa wanapanga. Hapo ndipo nilipowachukia, si koridoni. Koridoni nilikuwa bado mtoto.

Kesho yake nilimsubiri Mwalimu Teofili alipokuwa anaegesha Vespa, nikamweleza yote, nikamwomba anipe jaribio jingine, hata swali moja, hata kwa mdomo. Alinisikiliza. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalonikera mpaka leo, kwamba katika habari hii yote siwezi kumpata mtu mbaya wa kutosha. Alisema jina limeshapelekwa kwa mkuu. Nikamwambia lirudishwe.

"Mwajuma," akasema, "nikienda kusema kwamba mwenzio alikufundisha uongo, nitaulizwa kwa nini hukufundishwa na mimi."

"Si kweli hukunifundisha?"

"Ni kweli," akasema. Akatazama Vespa yake, akaipangusa taa kwa leso. "Utapata nafasi nyingine. Wewe una kichwa."

Nafasi nyingine haikuja. Mwaka uliofuata, kwa kuwa msichana wa fizikia nilibaki peke yangu, waliona hakuna maana, wakanipeleka sayansi kimu, nikajifunza kukunja leso za mezani na kuoka keki katika nchi isiyokuwa na unga wa ngano. Siwema aliondoka kwa basi. Nilikwenda kumsindikiza, kwa sababu nisingekwenda watu wangeuliza. Mama yake alimfungia vitumbua, na akanifungia na mimi vyangu, kwenye karatasi ya peke yake. Siwema akaniambia pembeni, "Mwajuma, hujanikasirikia?" Nikamwambia, nikukasirikie nini? Nilimpa mlango auingie mwenyewe. Nilikuwa nataka aseme, basi, nilikuwa nataka maneno hayo tu. Akanikumbatia akalia, akapanda basi. Nikamsubiri aseme kwenye barua, hakusema. Nikamsubiri alipomaliza chuo kikuu, alipoolewa, alipokuja kunipa pole nilipofiwa na mume, alipokuwa amelazwa na mimi nimekaa kitandani kwake namlisha uji kwa kijiko, tuko wawili tu chumbani. Akaniambia, "Wewe shoga una moyo." Nikafikiri sasa anakuja. Akageukia ukutani akalala. Mimi nilifanya kazi kiwanda cha nguo mpaka kilipofungwa, nimelea watoto, sijafa njaa. Yeye alikuwa mwalimu wa fizikia maisha yake yote, na kila mtu anasema alikuwa mwalimu mzuri kupindukia. Naamini. Alijua kufundisha tangu zamani.

Basi arobaini. Ilifanyika nyumbani kwake Mbweni, nyumba nzuri, turubai limefungwa uwanjani, hitima ikasomwa, pilau ikawa inanukia. Mimi niliwekwa mbele, kwenye kiti, pamoja na wakubwa wa familia. Baada ya dua wanafunzi wake wa zamani waliomba waseme mawili matatu. Wengi walikuwa na mvi wenyewe. Akasimama mmoja, mtu wa heshima, kanzu safi, injinia, akasema Mwalimu Siwema ndiye aliyemtoa, na hakuna aliyefundisha nguvu halisi kama yeye.

"Alikuwa na hadithi yake," akasema. "Kila mwaka, kila darasa, kabla hajaandika kitu ubaoni. Anasema, shuleni kwetu kulikuwa na msichana anaitwa Mwajuma. Hodari wa kuzidisha na kugawa, lakini kichwa hakikupokea kwamba nguvu nyingine zinapinga. Akaulizwa mkokoteni kwenye mchanga, akajumlisha na mchanga! Akakosa nafasi ya kusoma. Sasa nyie msije mkawa kina Mwajuma." Watu chini ya turubai wakacheka, kicheko kile kizuri cha kumkumbuka marehemu. "Basi ikawa ndo msemo wetu. Mtu akikosea tu, Mwajuma huyo! Mpaka leo kazini, kijana akiniletea hesabu mbovu namwambia, wewe Mwajuma nini?"

Wakacheka tena. Binti yake Siwema, aliyekuwa amesimama karibu nami na sinia la pilau, alicheka pia huku anajifuta machozi, maana hadithi hiyo aliijua, alikua nayo. Nikapiga hesabu bila kutaka, darasa kwa darasa, mwaka kwa mwaka. Alikuwa amekaa na jambo lile maisha yake yote kama mimi. Hakuwa amelisahau hata siku moja. Alilitoa kila mwaka, akalisema mbele ya watu, yote isipokuwa lile neno moja nililokuwa nalisubiri.

Injinia aliporudi kukaa nilimwita kwa mkono. Akaja, akainama, "Shikamoo mama."

"Marahaba. Huyo Mwajuma," nikamwuliza, "mwalimu wenu aliwahi kusema nani alimfundisha kujumlisha?"

Akafikiri kwa adabu. "Hapana mama. Alisema tu hakuelewa. Kwani ulimfahamu?"

Nikamwambia jina langu. Alinyooka akanitazama, na tabasamu likabaki usoni pake bila kujua liende wapi. Binti yake Siwema akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama mdogo, watu wanakula, tafadhali." Na nilimpenda yule mtoto, nimempenda tangu anazaliwa, lakini sikumzaa. Nikamwambia aliweke sinia chini akae. Kisha nikaanza kusema nani alinifundisha, kwa sauti ya kufika mpaka kwa wanawake waliokuwa nyuma wanapakua, na walipoacha kupakua sikunyamaza.